Viatu Vilivyoutazama Mlango

Ijumaa asubuhi Inspekta Tuovi Ahlroos alirudi kwenye nyumba ya marehemu kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu akasimama mlangoni bila kwenda mbele. Sajenti Pulkka, aliyekuwa nyuma yake na kikombe cha kahawa, akalazimika kubaki kwenye ngazi na baridi yake.

"Bosi, tunaingia au tunapiga kambi hapa?"

"Tazama viatu."

"Nilivitazama Jumatano. Nikavitazama jana. Ni viatu, Tuovi. Watu huvaa miguuni."

Jozi tatu za viatu vya marehemu zilikuwa zimepangwa sakafuni kando ya ukuta: buti za mvua, viatu vya kazini na raba kuukuu za kutembelea. Zote zilielekeza pua mlangoni na visigino ndani, na nafasi kati ya jozi na jozi ilikuwa sawasawa, isipokuwa mahali pamoja. Kati ya buti na viatu vya kazini palikuwa na pengo la kutosha jozi nyingine. Kwenye mkeka, hapo kwenye pengo, kulikuwa na alama ya maji yaliyokauka na mchanga kidogo.

"Jikoni umepaona," Tuovi alisema.

"Nimepaona."

"Sinki lina vikombe vya wiki nzima. Soksi ziko juu ya redio. Mtu wa namna ile anapanga viatu namna hii?"

"Labda alijifunza jeshini."

"Hata wewe ulikwenda jeshini, na viatu vyako navijua."

Pulkka akanywa kahawa yake.

Marehemu alikuwa Risto Hakamäki, mkemia wa gundi za mbao, mjane wa miaka sitini na moja. Jirani alimkuta Jumatano jioni amelala chali jikoni, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya jiko la chuma. Daktari alisema alisukumwa kifuani kwa nguvu, na kwamba alikufa kati ya saa saba na saa tisa mchana. Mlango haukuvunjwa. Simu yake haikuonekana. Juu ya meza palikuwa na boksi la vitamu, halijafunguliwa, limefungwa kwa karatasi yenye maandishi ya Kijapani, na boksi hilo ndilo lililouelekeza upelelezi mzima upande mmoja, kwa sababu katika Helsinki yote Risto alikuwa na Mjapani mmoja tu wa kugombana naye.

Huyo ni Orie Muroi, mhandisi wa miaka thelathini na tisa kutoka Kanazawa. Kampuni yake ilimtuma aje kushuhudia vipimo vya gundi yao mpya kwenye maabara ya Risto. Safari ya kazi akaifanya kuwa safari ya wazazi pia: kabla ya kazi akawatembeza Kopenhageni na Stokholmu, na Helsinki akawa anawatembeza kila apatapo nafasi. Jumanne, kwenye kikao, Risto alisema majibu ya vipimo yamemtia shaka na kwamba hatatia saini. Orie alisimama akapandisha sauti mpaka watu wa vyumba vya jirani wakatoka. Siku ya pili yake Risto akafa. Ndege ya familia ya Muroi ilikuwa inaondoka Jumamosi asubuhi.

"Mkuu ameshasaini karatasi ya kumshikilia," Pulkka alisema, akipapasa mfuko wa koti. "Saa nane mchana ikifika hatuna jambo jipya, binti analala kwetu. Na ukiniuliza mimi..."

"Sijakuuliza."

Garini Pulkka aliendesha, Tuovi akasoma kwa sauti maelezo aliyoyachukua jana kwa Daktari Anssi Tervola, mwenzake Risto kwenye maabara.

"'Nimefanya kazi na Risto miaka kumi na minne. Tuliheshimiana. Nyumbani kwake sijakanyaga tangu Pasaka.' Hapa nikamuuliza vipimo vilisimamiwa na nani. 'Mimi mwenyewe.' Nikamuuliza habari za boksi. 'Bi Muroi alitugawia sote Jumatatu, hilo si la kumshuku nalo.' Nikamuuliza kuhusu ugomvi. 'Kweli alipandisha sauti, lakini msimhukumu kwa hilo. Nimeishi Osaka, Japani, miaka sita. Watu wale, ukiona mmoja wao amepiga kelele, ujue amefika mwisho kabisa.'"

"Mtu mwema," Pulkka alisema.

"Mwema mno. Anamtetea binti huku anamkaanga."

"Wewe humwamini mtu yeyote."

"Nakuamini wewe. Huna akili ya kuficha kitu."

Simu yake ikalia. Alikuwa Tervola, sauti laini, akiomba radhi kwa usumbufu. Alikuwa amesikia kwamba leo wazazi wa Orie watahojiwa. Wazee wale hawajui lugha yoyote ila yao, naye yuko tayari kuacha kazi zake awakalimanie. Bure.

"Tuna mkalimani wetu," Tuovi alisema. "Ahsante."

"Ni wazee, Inspekta. Wanaogopa polisi. Mimi wananijua."

"Kompyuta ya Bi Muroi bado iko maabara?"

"Iko hapa."

"Basi tuletee pale wanapokaa. Saa tano itatufaa."

Alipokata simu akabaki anaitazama. Jana mtu huyu alitoa msaada mara mbili, na leo mara ya tatu. Tuovi alikuwa na miaka ishirini na sita ya kazi, na katika miaka yote hiyo mashahidi aliowafahamu walikuwa wakikimbia polisi.

*

Familia ya Muroi ilikuwa imepanga nyumba ndogo mtaa wa Hakaniemi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Mzee Tatsuo Muroi aliwafungulia, akainama, akainama tena, na Pulkka asiyejua la kufanya akainama mpaka paji likagusa makoti yaliyotundikwa. Tuovi alivua buti zake kwa kuzipiga teke, kama alivyofanya tangu utotoni. Pulkka alivua vyake kwa kukanyaga kisigino kimoja kwa mguu mwingine, na kimoja kikaanguka ubavu.

Mkalimani, Bi Ekholm, mzaliwa wa Nagoya aliyeolewa Vantaa miaka thelathini iliyopita, alikuwa ameshafika na ameshachukua kiti kizuri kuliko vyote. Orie alisimama dirishani. Alikuwa mwembamba, macho yamevimba, na alizungumza Kiingereza safi cha watu wa mikutano.

"Wazazi wangu hawahusiki," alisema kabla hajaulizwa. "Niulizeni mimi."

"Wewe tumekuuliza mara mbili, Bi Muroi. Sasa utakwenda chumbani na Sajenti, na mlango utafungwa."

Orie alimtazama mama yake, Fumiyo. Mama alitazama chini. Mtazamo huo Tuovi aliuona, akauweka akibani. Hapa kuna watu wanaojua jambo, alijisemea, na kila mmoja anaogopa mwenzake asilitamke.

Alianza na Mzee Tatsuo, mstaafu wa shirika la reli, mwenye daftari nene mapajani. Jumatano mchana walikuwa wapi?

"Anasema walikuwa kwenye ngome ya kisiwani Suomenlinna," Bi Ekholm alitafsiri. "Wote watatu. Anasema ana ushahidi."

Mzee akafungua daftari. Ndani mlikuwa na safari yote: tikiti zilizobandikwa kwa gundi, mihuri ya makumbusho, picha alizochora kwa kalamu, na maneno yamejaa mpaka pembeni. Jumatano ilikuwa na tikiti tatu za feri, saa sita na dakika arobaini, zimebandikwa bila hata kupinda.

"Nisomee hapa," Tuovi alisema, akionyesha ukurasa wa Kopenhageni.

"'Mvua nyepesi. Sanamu ya nguva ni ndogo. Fumiyo anasema hata mjukuu wa jirani angemwita mdogo. Tumekula samaki baridi juu ya mkate. Choo ni safi, lakini mlango ni mzito.'"

"Na hapa?"

"Stokholmu. 'Ngazi mia moja na themanini na tatu. Fumiyo amehesabu mia moja na themanini na nne. Tumegombana kidogo.'"

"Na Alhamisi, jana?"

"'Kanisa lililochimbwa mwambani. Hatukuingia. Orie analia.'" Bi Ekholm alishusha sauti alipofika hapo.

"Na Jumatano?"

Bi Ekholm alilitazama daftari, kisha Mzee. "Jumatano hakuna maneno. Kuna tikiti tu."

"Mwambie hivi. Mzee anayehesabu ngazi na kupima uzito wa milango ya vyoo amekwenda kwenye ngome kubwa kuliko zote za nchi hii, na hakuona hata ndege wa kuandika?"

Mzee Tatsuo alisikiliza mpaka mwisho. Masikio yakamwiva. Akafunga daftari, akaweka mikono juu yake.

Mama Fumiyo aliinuka ghafla. Bi Ekholm akasema anakwenda kuleta chai, maana wageni wameketi muda mrefu bila kitu mdomoni na hiyo ni aibu. Tuovi akamwacha aende. Jikoni kulikuwa upande wa pili wa ukumbi, na mlango wa kutokea ulionekana kutoka pale alipokaa, nusu yake. Birika lilivuma. Mama akachukua muda wake. Chai ikaja, na vipande vya mkate wa mdalasini wa hapa hapa sokoni, vimekatwa vidogo vidogo vikapangwa kwenye sahani.

"Nahitaji miwani yangu," Tuovi alisema. Ilikuwa kwenye koti.

Akatoka ukumbini, akapeleka mkono kwenye makoti, na mkono ukabaki pale pale.

Buti zake zilikuwa zimesimama wima, zimekaa pamoja, pua zimeelekea mlangoni. Kando yake viatu vya Pulkka, pamoja na kile kilichoanguka, navyo vilikuwa hivyo hivyo. Halafu vya Bi Ekholm, vya Mzee, vya Orie, vya Mama mwenyewe, vyote kando ya ukuta, nafasi kati ya jozi na jozi sawasawa.

Alichuchumaa akatoa simu, akafungua picha ya ukumbi wa Risto Hakamäki, akaishusha mpaka usawa wa sakafu. Mpangilio ulikuwa ule ule. Uchovu wote wa siku tatu ulimtoka, na kilichoingia mahali pake hakikuwa furaha. Alikuwa amenywa chai ya mama yule sasa hivi.

"Pulkka!" aliita. "Mlete binti."

*

Aliiweka simu mezani, picha juu, mbele ya Mama Fumiyo.

"Muulize kama anapajua hapa."

Bi Ekholm akauliza. Mama alitazama picha muda mrefu. Hakuitazama kama mtu anayekumbuka. Aliitazama kama mtu aliyekutwa. Orie alipoinama juu ya bega la mama yake akaiona, akapiga hatua moja nyuma.

"Mimi ndiye niliyekwenda," Orie alisema haraka. "Andikeni. Nilikwenda kwa Risto saa saba, peke yangu."

"Na ukageuza viatu vyake vyote?"

"Viatu gani?"

"Ndiyo maana nasema hukwenda wewe." Tuovi akamgeukia mkalimani. "Mwambie Mama kwamba saa nane nitamchukua binti yake. Nina karatasi. Mwambie kwamba viatu vya marehemu viligeuzwa na mkono uliogeuza vyangu leo nikiwa nasubiri chai. Sasa achague: aseme yeye, au anyamaze binti alipie."

Bi Ekholm aliyasema hayo polepole. Mzee Tatsuo akafumba macho. Mama Fumiyo aliweka mikono mapajani, akanyoosha mgongo, na alipoanza kusema hakusita tena.

"Anasema Jumanne jioni Orie alirudi analia. Akawaambia amemfokea mwenyeji wake mbele za watu. Mwenyeji huyo huyo, baada ya kikao, alimfuata kwenye ujia, akampa kadi yenye anwani yake, akamwambia: njoo kwangu kesho saa saba na wazazi wako tunywe kahawa, kuna jambo la vipimo ambalo siwezi kulisema humu maabara. Orie akasema hatukwendi. Ana hasira."

"Ni kweli?" Tuovi alimuuliza Orie.

"Kweli. Nilidhani anataka kuniomba nimsamehe. Nikaona sina msamaha."

"Na hili mbona hukutuambia?"

"Kwa sababu Jumatano tulikubaliana kukutana kwenye feri. Mimi nilifika mapema nikakata tikiti tatu, na hadi saa saba wao hawapo. Wakaja karibu saa nane wanahema, wanasema walipotea." Orie alimtazama baba yake. "Baba yangu amefanya kazi ya reli miaka arobaini. Hapotei. Usiku nikafungua begi, boksi la mwisho la vitamu halimo. Asubuhi mnanionyesha picha ya boksi juu ya meza ya mtu aliyekufa. Ningesema nini?"

"Ukasema ulimpa Jumatatu. Na wao wakasema mlikuwa kisiwani wote. Ninyi mnamfichia nani?"

Tuovi aliwatazama mmoja mmoja. Wazazi walidhani binti alikwenda kwa Risto baada yao, na hasira yake ile. Binti alidhani wazazi walifanya jambo ambalo hata kulitaja alishindwa. Siku mbili watu watatu walikula meza moja na kila mmoja alikuwa amewabebea wenzake jinai. Tuovi aliwaonea huruma, akajikaza asiionyeshe.

"Walikwenda kufanya nini?" aliuliza.

"Kuomba radhi," Bi Ekholm alisema. "Anasema mtoto akimpandishia sauti mwenyeji, mzazi ndiye anayekwenda kuinamisha kichwa."

"Mama!" Orie alisema kwa lugha yao, kisha akaendelea kwa maneno mengi ya moto. Bi Ekholm alitafsiri kwa kiganja mdomoni: "Anasema ana miaka thelathini na tisa. Ana watu kumi na wawili chini yake."

Mama alijibu neno fupi.

"Anasema, na mimi ni mama yako miaka thelathini na tisa."

Pulkka akakohoa akatazama dirishani.

"Walikaa muda gani?" Tuovi aliuliza.

"Dakika kumi. Marehemu aliwafungulia, akawapokea vizuri, akachukua boksi kwa mikono miwili. Lakini hawakuelewana lugha, na yeye alikuwa na mgeni. Aliwaonyesha kwa kidole mlango wa jikoni uliokuwa umefungwa, akaweka mkono kifuani kama anayeomba radhi. Walisikia mtu anakohoa ndani. Wakaaga. Mama alipofika mlangoni akageuza viatu, maana vilikuwa vimetupwa ovyo, na mtu hawezi kuacha ukumbi wa mwenyeji vile."

"Mgeni," Pulkka alisema. "Mgeni asiyeonekana. Nimekwisha kuwasikia hao wengi sana."

Tuovi alimnyamazisha kwa mkono. Aliikuza picha kwa vidole mpaka pengo kati ya buti na viatu vya kazini likajaa kioo, na alama ya maji ikaonekana.

"Muulize hapa palikuwa na nini."

Mama hakusubiri hata tafsiri imalizike.

"Viatu vya mgeni. Vya mwanamume, vikubwa, vya kahawia, kamba za njano, vimelowa. Lakini hivyo anasema hakuvigusa."

"Kwa nini?"

"Havikuhitaji. Vilikuwa vimeshageuzwa."

Tuovi aliliweka swali la pili kwa uangalifu.

"Vimegeuzwa na nani?"

"Na mwenyewe, alipoingia. Vya mwenyeji vyote vilikuwa ovyo. Vile peke yake vimewekwa pamoja kando ya ukuta, pua mlangoni. Mama anasema alivifuata hivyo. Alipanga vya mwenyeji pande zote mbili za vile, ili vilingane."

Pulkka alikuwa ameketi kwenye mkono wa kochi. Akasimama.

"Mimi nina miaka hamsini na tisa," alisema taratibu. "Katika maisha yangu sijamwona mtu wa nchi hii akigeuza viatu vyake mlangoni."

"Labda awe amekaa Japani akafundishwa," Tuovi alisema. "Miaka sita, kwa mfano. Na ndiyo maana alipotoka pale, baada ya kilichotokea jikoni, hakuona ajabu yoyote ukumbini. Mtu mwingine angeshtuka. Yeye aliona viatu vimekaa jinsi vinavyotakiwa kukaa, akachukua vyake katikati, akaenda zake."

"Na alisikia sauti za wazee."

"Alizisikia. Alijua walikuwepo, na hakujua wameona nini. Ungekuwa wewe, usingetaka uwe mkalimani wao?"

Orie alikuwa amepauka. "Vipimo," alisema. "Risto alisema vimemtia shaka. Sote tulidhani anasema gundi yetu. Alikuwa anamsema aliyepima."

"Amewahi kuingia humu? Tervola?"

"Hapana. Tunaonana naye chini, mlangoni. Ametupeleka sokoni, ametupeleka bandarini. Amekuwa..." Akashindwa kumaliza.

"Wazee wamewahi kumwona akivua viatu?"

"Hapana."

Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika nne kufika saa tano. Tuovi alikwenda ukumbini, na kwa mguu wake akazitawanya buti zake na viatu vya Pulkka na vya wengine wote, kimoja huku kingine kule, mpaka ukumbi ukawa kama wa nyumba yoyote ya mtaa ule. Mama Fumiyo aliyaona hayo kutoka kitini akavuta pumzi kwa uchungu. Tuovi akaacha mlango wa sebule wazi, akawaambia wote wakae walipo na chai zao, na akamwomba Bi Ekholm awaeleze wazee jambo moja tu: mtu anakuja, na wao wasiseme chochote.

Kengele ikalia.

"Ingia, Daktari," Tuovi alisema. "Ahsante kwa kompyuta."

Anssi Tervola alikuwa mrefu, koti zuri la sufu, nywele zimelowa mvua. Kompyuta alikuwa nayo kwapani kwenye mfuko, na mkononi boksi la keki za mkahawa. Aliwaona wazee sebuleni akawainamia kwa namna sahihi, mgongo umenyooka. Akampa Tuovi mizigo yake.

"Samahani, nje kunanyesha. Wanaendeleaje?"

"Wamechoka. Vua viatu, upate chai."

"Bila shaka."

Vilikuwa viatu vya kahawia, na kamba zilikuwa za njano. Viatu vya namna hiyo vinauzwa kila duka, Tuovi alijiambia, na mwanasheria yeyote angesema hivyo hivyo. Tervola alifungua kamba, akatoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akakanyaga sakafu kwa soksi. Alikuwa anaeleza habari ya tramu iliyochelewa. Katikati ya sentensi alichuchumaa, akavishika viatu vyote viwili kwa vidole viwili, akavigeuza, akavisogeza kando ya ukuta mpaka vikalingana, pua mlangoni. Halafu akainuka, bado anasimulia ile tramu.

Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Alipoinua macho aliwakuta watu sita wamekaza macho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama usoni. Wote walikuwa wanatazama sakafuni, viatu vyake viwili vilivyonyooka katikati ya vingine vilivyotawanyika. Naye akavitazama. Maneno yakamwisha. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yake Tervola ilimfika akiwa amevaa soksi.

Mama Fumiyo alisema kitu. Alikisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na Tervola, aliyekuwa peke yake kati ya Wafini wale kumwelewa, akajishika ukutani.

"Anasema nini?" Pulkka aliuliza.

Bi Ekholm aliweka kikombe chake chini. "Anasema, kumbe ni wewe. Anasema Jumatano alipoviona viatu vyako pale alikusifu moyoni. Alimwambia mumewe walipofika kwenye ngazi: mgeni yule, yeyote awaye, kuna mama aliyemlea vizuri."

Pulkka alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akaichana vipande viwili. Orie alipiga magoti mbele ya kiti cha mama yake, akaweka paji la uso mapajani pake, na Mama akaweka mkono juu ya nywele zake bila kuacha kumtazama yule mtu wa mlangoni.

Tervola aliinama kuchukua viatu vyake.

"Viache," Tuovi alisema. "Utavaa vingine. Hivyo vinakuja na mimi."